Mtaa Wako Unachorwa Upya, na Kalamu Hauna

Msee wa Meru, msee wa Embu, jaribu hii leo. Panda boda ukienda mahali, lakini simu iache mfukoni. Sikiza tu vile wewe na jamaa wa boda mtaelewana. "Niache pale kwa mti." Mti wenyewe ulikatwa kitambo, sahi hapo kuna ghorofa ya keja za wanafunzi, na bado boda atakufikisha mlangoni. Sasa toa simu utafute "kwa mti". Utapata hosteli, duka la Mpesa na saluni. Mti hakuna.

Hapo ndipo kuna story. Kila mtaa uko na ramani mbili, moja ya simu na moja ya vichwa vya watu. Hii ya pili ndiyo inakufa haraka, juu hizi town zetu zinabadilika mbio sana. Cheki Nchiru. Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia kilipata hati 2013, cha Embu kikafuata 2016. Watoi wa chuo wakija wanataka keja. Shamba la kahawa linakatwa ploti za futi 50 kwa 100, ploti inamea hosteli, hosteli inaleta kibanda cha chapo, na kabla shosh wa hapo amalize kushangaa, mahali pameshapewa jina jipya na watu ambao hawajakaa hapo hata mwaka.

Majina yenyewe ni historia, usiyachukulie poa. Meru kuna Majengo, Embu kuna Majengo. Makutano ya Meru ni tofauti na ile Makutano unapita ukitoka Nairobi kabla ya Mwea. Na Embu kuna mtaa unaitwa Dallas! Hilo si jina la Kiembu wala la Kimbeere, lakini uliza mtu wa hapo, ataringa nalo.

Sasa unaniuliza, hii inanihusu aje na mimi natafuta doo? Skia. Meru na Embu zote ni manispaa, na sheria ya miji ya 2011 inasema lazima manispaa iwe na mpango wa maendeleo, na wakaaji wasikizwe. Siku ya kusikizwa ikifika, mnaitwa kwa hall, ramani imebandikwa ukutani, imepakwa rangi: hapa biashara, hapa makazi, hapa barabara. Msee wa kibanda anaangalia hiyo karatasi, kibanda chake hakioni. Njia ya mkato ya watoi wa shule haiko. Utabishana aje na ramani kama hauna yako? Utasema "lakini sisi tuko hapo", na wataandika kwa minutes, basi. Kanjo wakija kubomoa watakuwa na karatasi, wewe utakuwa na mdomo.

Kibera walishajua hii. Kabla ya 2009 ramani nyingi zilionyesha Kibera kama pahali patupu. Mwaka huo vijana 13 wa mtaa wakashika vifaa vya GPS, wakatembea kila kichochoro, wakaweka vyoo, shule, makanisa na kliniki kwa ramani ya bure ya OpenStreetMap. Ikaitwa Map Kibera. Halafu 2014 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, wakatoa ramani ya mathree za Nairobi, zaidi ya ruti 130, imechorwa kama zile za treni za London. Kitu safi. Lakini kwa maoni yangu, zote mbili zinakuambia kitu kiko wapi. Hazikuambii nini kilikuwa hapo, na nani alikihama.

Kwa hiyo mimi napenda zaidi ile ya Tharaka, na iko hapa karibu. Mto Kathita unapita Meru ukishuka Tharaka kutafuta Tana. Huko chini wazee na wamama walikaa pamoja wakachora ardhi yao: vile ilikuwa zamani, vile iko sasa, na vile wanataka iwe. Mito, misitu ya kimila, mahali pa kufanyia matambiko. Hawakungoja mtu wa survey. Wengine hapo hawajui hata kuwasha kompyuta, lakini wakitoka wanaonyesha mto umepungua kutoka wapi hadi wapi. Hiyo ni sanaa na ni ushahidi kwa wakati mmoja.

Fikiria hiyo ikifanywa Dallas, ama Majengo. Mbogi ya wachoraji, hao wa graffiti za mathree, wanaweka karatasi kubwa chini pale base. Karatasi ya kwanza anasema shosh. Ya pili anasema jamaa wa boda. Ya tatu wanasema watoi, na hiyo ndiyo itakuwa moto, juu mtoi hataficha mahali anaogopa kupita usiku.

Ila kuna kitu cha kuchunga. Ramani inaonekana na kila mtu, hata na yule hukutaka aone. Ukichora kila kibanda na kila mahali hustler analala, umemrahisishia kazi mwenye tingatinga, na dalali wa ploti atakuambia ahsante. Kwa hiyo kabla ya rangi, mbogi ikae chini ikubaliane nini haitachorwa. Pia mkubaliane karatasi itakaa kwa nani. Isipelekwe Nairobi kutundikwa kwa ukuta wa maonyesho, watu wakunywe divai mbele yake, na Embu ibaki bila nakala. Itundikwe sokoni, kwa kinyozi, kwa steji. Na siku ya kuitwa hall, beba hiyo karatasi, ibandike kando ya ile yao, kisha uulize ile ya kwenu iko wapi ndani ya hiyo nyingine.