Mtaji wa Bahari Wahitaji Subira

Mwaka 1974 mhandisi Stephen Salter wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi, alieleza mtambo wa kufua umeme kwa nguvu ya mawimbi, uliopewa jina la "bata". Bata huyo hakupata kuelea baharini kwa ukubwa wake kamili. Hata hivyo, utafiti wake ulizaa kampuni.

Artemis, iliyoundwa mwaka 1994, ilichukua kiungo kimoja tu: pampu ya haidroliki iongozwayo na kompyuta. Kwa kuwa pampu hiyo ilifaa pia katika mitambo ya upepo, Mitsubishi iliinunua kampuni mwaka 2010. Wenzao wa Pelamis (1998) walijenga mtambo mzima. Mwaka 2008 mitambo yao mitatu ilielea pwani ya Ureno, ikaondolewa baada ya miezi michache. Mwaka 2014 fedha zikaisha.

Wako wasemao kuwa sayansi ya Pelamis ilikuwa dhaifu. Sikubaliani nao. Bahari hudai karo kubwa: chumvi hula chuma, na kila tengenezo hungoja meli na siku ya shwari. Mfanyabiashara atakaye faida upesi hawezi kungoja hivyo. Miaka ya mwanzo yapasa ibebwe na serikali, nayo idai hisa zake.