Dawa Iliyokwisha Kuwepo Rafuni



Katika kikao cha ukoo kilichopita, jamaa mmoja mwenye elimu na mali alisema kwamba kutoa sehemu ya kodi ya nyumba ya wakfu ili kusaidia utafutaji wa dawa za maradhi adimu ya kurithi ni kumwaga maji mchangani. Wagonjwa ni wachache, alisema, na dawa mpya ni mamilioni. Nilinyamaza kwa heshima ya mwenye nyumba. Leo sinyamazi.

Nani aliyemwambia kwamba lazima dawa iwe mpya? Ushahidi wa kumpinga haukutoka nchi za mbali, umetoka Riyadh. Mwaka 1998 Dkt. Pinar Ozand na wenzake wa Hospitali ya Mfalme Faisal waliandika habari za wagonjwa 10 wa maradhi ambayo hayakuwa na jina. Mtoto mzima wa afya hupatwa na homa au huanguka. Baadaye huchanganyikiwa, ulimi huwa mzito, kumeza huwa taabu, viungo hukakamaa, na mwisho hupoteza fahamu. Walichompa ni bayotini, vitamini inayojulikana na kila muuza dawa, ila kwa kipimo kikubwa: miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Dalili ziliondoka kwa siku chache. Dawa ilipokatizwa, zilirudi ndani ya mwezi. Waliocheleweshwa walibaki na ulemavu.

Asili ya maradhi ilijulikana baadaye, 2005: jeni iitwayo SLC19A3, inayotengeneza mlango wa kupitishia thiamini ndani ya seli, ina kasoro. Ndipo thiamini nayo ikaongezwa. Thiamini ni vitamini B1, ileile iliyowaponya beriberi watu walioishi kwa mchele uliokobolewa mno!

Mwaka huohuo wa 1998 Marekani iliruhusu haidroksiyurea, dawa ya saratani, itumiwe na watu wazima wenye selimundu. Kisha ikajaribiwa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kilifi na Mbale. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha maumivu yamepungua, haja ya kuongezewa damu imepungua, hata malaria imepungua. Selimundu si adimu kwetu, najua. Nimeitaja kwa kuwa Kilifi ni kwetu.

Sisemi kila anayetetemeka apewe vitamini. Dawa nyingi za zamani zikijaribiwa kwa maradhi mengine hazifai kitu, na kulijua hilo nako kuna gharama. Lakini nani ataigharamia? Mfanyabiashara hatafuti kazi mpya ya kidonge ambacho jirani yake anaweza kukiuza kwa bei ileile. Hataza imekwisha, faida haipo. Hapo ndipo mahali pa wakfu. Babu aliandika kwa mkono wake: maskini na wagonjwa. Hakuandika wagonjwa walio wengi.

Na sisi tunaooana binamu kwa binamu tusijifanye wageni wa jambo hili. Kipimo cha kabla ya ndoa kilicholazimishwa hapa 2004 huangalia selimundu na thalasemia. Jeni niliyoitaja haimo. Mjukuu wa dada yangu alipokakamaa tulisema ni jini. Tulimsomea miezi mitatu, na mimi mwenyewe ndiye niliyeshika chetezo. Alipofikishwa Riyadh vitamini hizo mbili zilimrudishia maneno. Mguu wa kushoto haukurudi. Jamaa yetu humwona kila Idi akiuburura uani, kisha anatuambia wagonjwa ni wachache.

Kikao kijacho ni Ijumaa ya kwanza ya Shaabani, baada ya Isha. Nimekuwa karani maisha yangu yote; daftari la kodi nitakuja nalo, na hesabu nitaisoma mwenyewe kwa sauti.