Kijana fundi na paipu ya breki

Kijana akimaliza ufundi magari VETA, wazazi humnunulia boksi la spana. Vizuri. Lakini kama atafungua gereji milimani kama Mbinga, mwongezeeni kifaa cha kukunjia paipu za breki. Gari linaloshuka kutoka Litembo, limebeba magunia ya kahawa na akina mama waliotoka hospitali, linategemea kipaipu chembamba, mara nyingi milimita 4.75 tu.

Paipu ikikunjwa kwa goti hubonyea. Hapo kwenye kikunjo chuma hudhoofika, mafuta hupita kwa shida, na siku dereva akikanyaga breki kwa nguvu mteremkoni ndipo inapopasuka. Kifaa chenye kigurudumu na mfereji huizungusha taratibu, tundu likabaki duara.

Si lazima mkakitafute Kariakoo. Mafundi friji wanacho, maana nao hukunja mabomba. Mwombeni mmoja amwelekeze kijana kinakouzwa. Hakikisheni mfereji ni wa saizi ya paipu, ukiwa mpana hausaidii. Ila kile kifaa chao cha kutanulia mdomo wa paipu msikichukue: wao hutanua mara moja, breki hutaka mdomo uliokunjwa mara mbili. Na paipu yao ya shaba tupu haifai kwa breki, huchoka kwa mtikisiko.

Aanze kujifunzia vipande chakavu. Akishafunga paipu ya mteja, atoe upepo wote ndipo gari litoke. Na mafuta ya breki, jamani, yasiwekwe kwenye chupa ya soda: ni sumu, na gereji haikosi watoto.