Mafuta ya kukatia chuma: bei halisi haiko kwenye pipa

KARAKANA za kukereza vyuma za Kampala na Kigali zinategemea mafuta ya kukatia chuma ambayo, yakiagizwa kwa meli, husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandarini. Kila lita ina gharama ya lori juu yake. Hata hivyo wanunuzi wengi bado wanauliza swali moja tu: pipa ni bei gani?

Swali hilo linapotosha. Mafuta yanayochanganywa na maji hadi kuwa meupe kama maziwa huuzwa yakiwa mazito. Pipa la lita 200 linalochanganywa kwa asilimia 5 hutoa lita 4,000 za kutumia. Linalohitaji asilimia 10 hutoa lita 2,000. Pipa la pili likiwa rahisi kwa theluthi moja, bado mnunuzi amepata hasara, na msafirishaji amebeba mapipa mawili kwa kazi ya pipa moja.

Si kila kazi inahitaji mafuta, ingawa wauzaji hawapendi kusema hivyo. Ngoma za breki za malori ni za chuma cha kusubu, ambacho kwa kawaida hukerezwa kikavu. Chuma kisichoshika kutu ndicho kinachodai mafuta makali.

Na hapo ndipo hatari ilipo kwa mwenye mzigo. Baadhi ya mafuta makali hutiwa parafini zenye klorini. Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda ni wanachama, uliziingiza zile za mnyororo mfupi katika orodha ya kemikali za kuondolewa mwaka 2017. Zile za mnyororo wa kati zilifuata mwaka 2025, kukiwa na muda wa nafuu kwa baadhi ya matumizi. Shehena ya zamani inayouzwa kwa bei ya kutupa inafaa kutiliwa shaka.

Forodha nayo hutazama viambato. Mchanganyiko wenye mafuta ya petroliamu asilimia 70 au zaidi kwa uzito huingia kifungu 27.10; ukipungua hapo, kifungu 34.03. Kwa macho haijulikani. Wakala asiye na karatasi ya viambato kutoka kiwandani anabahatisha, na lori linasubiri.

Kwa wasafirishaji: pipa likikaa wima nje, maji ya mvua hutuama juu ya kifuniko na kunyonywa ndani linapopoa usiku. Lilazwe ubavu, vizibo vikiwa usawa mmoja, chini ya turubai.