KQ, uzeni programu pia!

Haya wasomaji, leo niacheni niseme. Miaka ya 1960 American Airlines na IBM walijenga Sabre, mfumo wa kompyuta wa kuweka nafasi za abiria. Baadaye mashirika mengine yakawa yanaulipia, hadi mwaka 2000 kampuni mama, AMR, ikauachia ujitegemee kama kampuni.

Sisi je? Kenya Airways hukarabati ndege za mashirika mengine, tena ikaanzisha Fahari Aviation ya ndege zisizo na rubani. Hongera! Lakini kama ufundi wa spana unauzwa, mbona wa programu usiuzwe? Mimi niko hapa Kakamega na digrii yangu ya kompyuta, natengeneza tovuti za harusi. KQ, tupeni hata mfumo wa mizigo tuuandike, kisha muwauzie majirani. Mnaonaje?