Bei ya Umeme na Saa ya Ugali

Bei za umeme za mwaka 2016 ziliweka shilingi 100 kwa uniti kwa nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Zilitazama wingi, si saa. Nchini Kenya, tangu Desemba 2017, viwanda vilianza kutozwa nusu ya bei kwa matumizi ya ziada ya usiku.

Mpango huo wafaa majumbani pia, lakini kwa hadhari. Mitambo huelemewa baada ya magharibi, na hiyo ndiyo saa ya ugali. Mama wa Chang'ombe, Dodoma, hawezi kuihamisha. Mwenye gari la umeme aweza. Kwa hiyo nafuu na itolewe baada ya saa nne usiku, maharage ya kesho yachemke bila mkaa unaoimaliza miti ya Ugogo. Bei ya jioni isiguswe.