Mama Mboga Ana Wadhamini. Bodi Ina Nani?

Watu wangu wa Kisii na Nyamira, leo tuongee bila kuzungukazunguka.

Mama anayeuza ndizi pale Daraja Mbili akitaka mkopo wa elfu ishirini, lazima awe kwa kikundi. Wenzake wanamdhamini. Wanakutana, jina linaitwa, pesa inahesabiwa mbele ya kila mtu. Mtoto akiugua na mama akose kulipa, wenzake wanachanga kumfidia. Akizidi kuchelewa, haohao wanaingia kwake wanabeba televisheni, kuku, hata sufuria. Afisa wa mikopo hana haja ya kupaza sauti, majirani wanamfanyia kazi bure.

Sasa niambie: mkurugenzi anayeidhinisha mkopo wa mamilioni anadhaminiwa na nani? Akipotea, nani anaenda kubeba sofa zake?

Februari 2025 tulisomewa ripoti ya ukaguzi wa KUSCCO, muungano wa kitaifa wa Sacco. Wakaguzi wa PwC walisema shilingi bilioni 13.3 zimepotea. Bilioni, si milioni. Tukaambiwa hata kuna hesabu zilizokuwa na sahihi ya mkaguzi aliyekuwa ameshafariki. Yaani marehemu alitoka kaburini kuja kupitisha hesabu, na watu wazima wakakaa kwa meza wakasema sawa! Hizo zilikuwa akiba za Sacco, na Sacco ni mwalimu na mkulima wa chai.

Najua mtu atasema hiyo ni mambo ya Nairobi. Hapa kwetu je? Wajumbe tunawachaguaje? Kwanza tunauliza ametoka ukoo gani. Kama anajua kusoma hesabu, hiyo haituhusu. Siku ya mkutano mkuu kuna soda, mkate na nauli, kitabu cha hesabu kinagawanywa asubuhi, na kabla ya chakula mikono imeshainuliwa. Kurasa hamsini, nani alizisoma?

Na hiyo ni Sacco, ambapo angalau una kura. Kwa kampuni ya mikopo midogo wewe ni mteja tu. Zile zinazopokea akiba zinasimamiwa na Benki Kuu kwa sheria ya 2006, lakini bodi yake huwezi kuigusa.

Mimi nasema hivi: kama kudhaminiana ni dawa nzuri kwa mama mboga, wakurugenzi nao wainywe. Kila mmoja adhamini wenzake kwa akiba yake mwenyewe. Sheria ya Vyama vya Ushirika tayari inamruhusu Kamishna, baada ya uchunguzi, kuwadai maafisa pesa walizopoteza, kwa hivyo hakuna jambo geni hapa.

Mkutano ujao, kabla ya soda, simama uombe mikopo ya wakurugenzi isomwe kwa majina: nani amechukua ngapi, nani amelipa, nani amechelewa. Wakikataa, usiinue mkono.